Audrey Hepburn na Machali wa Majina Mob

Kuna manzi anaitwa Regina, ako Paris. Ametoka holidei ya kuteleza kwa theluji, anafika kejani anapata kumefagiliwa: viti hakuna, pazia hakuna, nguo zake hakuna. Karao wanamshow bwanake alitupwa nje ya treni akiwa amevaa pajama, na ameshadedi. Halafu anajitokeza chali mmoja walimeet huko kwa theluji. Suti imekaa, sauti imetulia, anasema atamsaidia. Anaitwa Peter Joshua. Siku kidogo zikipita anakuwa Alexander Dyle. Hiyo nayo ikichomeka, anakuwa Adam Canfield. Kila jina linakuja na stori yake, kila stori imenyooka, na Regina kila saa anamkazia macho akijiuliza swali moja tu: wewe ni nani? Muvi inaitwa Charade, ya 1963. Kama umewai bonga na mtu kwa DM miezi mob na bado hujui jina lake la kitambulisho, hii ni muvi yako kabisa.

Huyo Regina ni Audrey Hepburn. Mtaani wengi wanamjua kama picha tu: rinda nyeusi, lulu shingoni, nywele zimefungwa juu, kijiti kirefu cha fegi mkononi. Iko kwa matishati, iko kwa mabegi, iko kwa kuta za masaluni. Imetoka kwa Breakfast at Tiffany's ya 1961, na inaniuma venye hiyo picha moja imemeza kazi yake yote. Ju ukikaa chini ucheki muvi zake moja baada ya ingine, zile za mapenzi na zile za kushtua, unagundua karibu zote ni stori moja. Kuna mtu anadanganya kuhusu yeye ni nani. Kwa muvi ya mapenzi, uongo ukijulikana kuna kiss. Kwa thrila, uongo ukijulikana kuna kisu. Na Audrey anaishi kwa ile sekunde ya katikati, venye bado hujui ni gani inakuja. Hakuna msee ameweza hiyo sekunde kumshinda.

Anza na Roman Holiday ya 1953, ile ilimtoa. Hapo yeye ni binti mfalme, Princess Ann, amechoka na ratiba za ikulu. Usiku mmoja akiwa Rome anahepa kwa gari ya mizigo, na anaishia kulala nje kando ya barabara ju daktari alikuwa amemdunga dawa ya usingizi. Anaokotwa na mwandishi wa magazeti, Joe Bradley, ambaye ni Gregory Peck. Asubuhi Joe anaona picha kwa gazeti, anajua amebeba stori ya mamilioni. Anamdanganya yeye ni msee wa kuuza mbolea na makemikali. Manzi naye anadanganya ni mwanafunzi amehepa shule. Sasa hawa watu wawili wanazunguka Rome kwa Vespa, wanakula aiskrimu, wanaanguka kwa mapenzi, na hakuna hata mmoja ako na jina la ukweli.

Kuna sini moja lazima uicheki pole pole. Kwa kanisa la Santa Maria in Cosmedin kuna jiwe kubwa la duara limechongwa sura ya mtu mdomo wazi, wanaliita Bocca della Verità. Stori za kale zinasema ukiwa mwongo uingize mkono hapo, unakatwa. Audrey anaenda na mkono wake, anausongeza, anarudi nyuma, hawezi. Peck anaingiza wake, anaanza kupiga nduru kama anavutwa ndani, na akiutoa, mkono hakuna! Alikuwa ameuficha kwa sleeve ya koti. Hiyo haikuwa mpango wa Audrey, hakuna mtu alimwambia. Hiyo nduru yake ni ya ukweli, na hiyo kumchapa ngumi za mapenzi kifuani ni ya ukweli. Walirekodi mara moja wakaacha hivyo. Watu wawili waongo wamesimama mbele ya jiwe la kushika waongo, na kitu ya ukweli pekee hapo ni sura ya huyo manzi.

Hata kazi yenyewe aliipata hivyo. 1951 walimfanyia majaribio ya kamera Uingereza. Sini ikaisha, wakamwambia apumzike, na wakaacha kamera inazunguka bila kumwambia. Akaketi kwa kitanda, akaanza kucheka na kuuliza ilikuwaje. Dairekta William Wyler akicheki hiyo filamu, kwisha. Peck alikuwa staa mkubwa, na mkataba wake ulisema jina lake litangulie peke yake juu. Akaona huyo mgeni anavyofanya kazi, akasema jina la manzi liwekwe juu pamoja na lake, ju huyu atabeba Oscar. Na 1954 akabeba, hiyo ikiwa muvi yake ya kwanza kubwa Hollywood.

Na nyuma ya hiyo muvi kulikuwa na jina lingine limefichwa. Stori iliandikwa na Dalton Trumbo, lakini yeye alifungwa jela na kupigwa marufuku Hollywood ju alikataa kujibu maswali ya kamati ya bunge la Marekani iliyokuwa inawinda makomunisti. Rafiki yake Ian McLellan Hunter akaweka jina lake mbele, na Oscar ya stori ikaenda kwa Hunter. Trumbo akadedi 1976. Oscar yake ilikabidhiwa mjane wake 1993, na jina lake likarudishwa kwa muvi 2011. Nikijua hiyo, siwezi icheki tena kama kamuvi tu ka kufurahisha. Msee ambaye hangeweza kutaja jina lake ndiye aliandika binti ambaye hawezi kutaja lake.

Mwaka mmoja baada ya Roman Holiday, Audrey akatoka na Sabrina ya dairekta Billy Wilder. Binti wa dereva anapenda kijana mdogo wa matajiri, na ndugu mkubwa anaanza kumkatia kwa uongo ndio amtoe kwa njia, biashara ya familia isiharibike. Uongo tena. Lakini kwa hii muvi wengi hukumbuka luku. Audrey alienda Paris kwa Hubert de Givenchy, mshonaji wa miaka 26, kutafuta nguo. Givenchy aliambiwa Miss Hepburn anakuja, akadhani ni Katharine Hepburn, akafungua mlango akapata kasichana kembamba ka suruali fupi, viatu flati na kofia ya majani. Wakawa mabeshte hadi kifo. Nguo zake kali ziko kwa hiyo muvi, lakini Oscar ya mavazi ilienda kwa Edith Head peke yake, na jina la Givenchy halikutajwa kwa filamu. Hiyo haikuwa fair, na itabaki hivyo.

Kwa madem na machali wa luku, acha niseme hivi. Style ya Audrey haina kitu ya bei: sweta nyeusi ya shingo ndefu, shati kubwa nyeupe ya kiume imefungwa kiunoni, suruali ya kuishia juu ya kifundo, kiatu flati. Gikomba hizo vitu ziko chini ya marundo, ju kila mtu anakimbilia zile ziko na majina. Alijua mwili wake: mrefu, mwembamba, mabega ya mcheza densi. Akavaa venye yeye ako, wakati Hollywood yote ilitaka manzi wa maumbo ya Marilyn Monroe.

Kuna kitu kwa hizi muvi kinanisumbua, na siwezi kiruka. Machali. Humphrey Bogart kwa Sabrina alizaliwa 1899. Fred Astaire wa Funny Face, 1899. Gary Cooper wa Love in the Afternoon, 1901. Audrey ni wa 1929. Hapa Nairobi tungeita hao masponsa bila kufikiria mara mbili. Studio ziliona manzi fresh, zikampea wazee ambao majina yao yalikuwa bado yanauza tiketi. Love in the Afternoon inaniumiza zaidi: Cooper anapigwa kamera akiwa kwa kivuli nusu ya muvi ndio makunyanzi yasionekane, na mapenzi yao hayawaki hata kidogo.

Cary Grant, yule chali wa majina mob kwa Charade, ndiye aliona hiyo shida na macho yake. Wakiitengeneza alikuwa anakaribia 60, Audrey akiwa kwa 30 na kitu. Akasema hataki kuonekana mzee anakimbiza msichana. Mwandishi Peter Stone akageuza mchezo: manzi ndiye anamkatia. Regina ndiye anatupa mistari, Regina ndiye anamuuliza mbona hamkiss, na mzee anarudi nyuma akitaja umri wake. Mabadiliko kidogo tu, na muvi yote inapata maisha. Sasa manzi ana haki ya kutaka, na pia ana haki ya kushuku.

Cheki ile sini ya matanga. Jeneza la bwanake limewekwa mbele, kanisa karibu tupu, Regina amekaa na beshte yake. Mlango nyuma unafunguka, anaingia msee mfupi, anasimama juu ya maiti, anaanza kupiga chafya. Anatoka. Anaingia mwingine, mrefu, anaweka kioo chini ya pua ya maiti kucheki kama kuna pumzi. Anatoka. Wa tatu ana mkono wa chuma, anadunga maiti na pini. Unacheka, halafu unashtuka kuwa umecheka, ju hawa watatu wanatafuta dola 250,000 ambazo marehemu aliwaibia, na wanaamini Regina anazo. Hapo ndio dairekta Stanley Donen amekushika. Kicheko na woga viko kwa chumba kimoja, na huwezi toa kimoja ubaki na kingine.

Mwisho wake sitakuharibia. Nitakuambia tu kuna usiku Palais-Royal, nguzo za mawe zimepangwa mistari, machali wawili kila mmoja kwa upande wake, na kila mmoja anamwambia Regina amwamini yeye, yule mwingine ndiye muuaji. Yeye amesimama katikati. Hana ushahidi wowote, ana macho tu na sekunde kidogo. Maisha yake yote iko kwa swali ambalo sisi hujiuliza kwa date ya pili.

Na kuna habari njema kwa wasee wa bando. Muvi ikitolewa, ile notisi ya hakimiliki haikuwekwa kwa filamu venye sheria ya Marekani ilitaka hiyo time. Kwa hivyo huko Marekani Charade ikawa mali ya umma siku ile ile ilitoka. Ndio maana imejaa mtandaoni bure. Chagua nakala safi tu, ju zingine zimefifia hadi Paris inakaa kama imenyeshewa na vumbi.

How to Steal a Million ya 1966 ni ya kucheka. Mbuyu wa manzi, Audrey tena, anatengeneza sanaa feki, na manzi anataka kuiba sanamu ya familia kutoka jumba la makumbusho kabla wataalamu waipime. Anamchukua Peter O'Toole akidhani ni mwizi. Si mwizi. Wanajibana kwa kistoo kimoja kidogo cha mafagio masaa mob, na hiyo sini peke yake inatosha kukufanya umalize bando.

Sasa, hiyo Breakfast at Tiffany's. Audrey ni mkali hapo, sikatai. Anaigiza Holly Golightly, na hiyo Holly ni jina la kujipea: kwao mashambani Texas alikuwa Lulamae Barnes, aliolewa akiwa mtoto, akahepa. Ile siku huyo mzee aliyemuoa anakuja New York kumtafuta, na Holly anamsindikiza kwa stesheni ya basi, ni kati ya vitu vya huzuni zaidi Audrey amewai fanya. Lakini ndani ya hiyo muvi kuna Mickey Rooney amewekewa meno ya bandia akiigiza Mjapani, anapiga kelele na kujigonga kwa taa. Ni ubaguzi, hakuna njia ya kuipamba. Wewe kama Mwafrika unajua vizuri kuona watu wako wamefanywa kikaragosi. Usianze na hii. Ukifika hapo, fika ukijua.

Ukitaka kujua huyo mrembo wa poster alitoa wapi woga wa ukweli, rudi Uholanzi. Alizaliwa Brussels, mamake Mholanzi, na mbuyu wake alitoka kwa familia akiwa na miaka 6. Vita ya pili ya dunia ilimpata Arnhem. Jina la Kiingereza lilikuwa hatari chini ya Wajerumani, kwa hivyo mamake akamfanya aitwe Edda van Heemstra. Yaani kabla aigize mtu wa jina feki, ameshaishi nalo, na ukiteleza ulimi ni shida kubwa. Mjomba wake alipigwa risasi 1942. Alikuwa anacheza densi kwa siri, madirisha yamefunikwa, kuchangia doo za wapiganaji wa chini ya maji. Baridi ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani walizuia chakula, watu wakala hadi vitunguu vya maua ya tulip. Alitoka kwa vita akiwa mgonjwa wa njaa. Ule wembamba ambao magazeti ya fasheni yaliuza miaka yote, mwanzo wake ni hapo.

Kwa hivyo ukicheki Wait Until Dark ya 1967, ujue unamwona mtu anayejua kukaa kimya kwa giza. Anaigiza Susy, manzi kipofu, kwa apatimenti ya chini New York. Kuna doli imejazwa heroini, imefika kwake bila yeye kujua, na machali watatu wanaitafuta. Badala ya kuvunja mlango, wanaigiza. Mmoja anajifanya beshte wa bwanake, mwingine anajifanya karao, wa tatu, Alan Arkin, anabadilisha sauti na viatu na kujifanya watu kadhaa. Wanacheza hii drama yote mbele ya mtu ambaye hawezi waona. Audrey alijifunza na vipofu New York, akijaribu kutembea na kupiga simu akiwa amefungwa macho.

Angalia masikio yake. Ndio, masikio. Kamera inakaa kwa uso wake, na unaona anahesabu: viatu hivi vinalia, nilivisikia kwa msee mwingine. Kwani mbona kila mtu akiingia hapa anachezea pazia la dirisha? Kila kitu kinaanza kuungana kichwani mwake, na hasemi neno ju hao wasee bado wako ndani. Hiyo sekunde yake ya kiss ama kisu, hapa ameivuta dakika nzima.

Halafu anaamua. Kama mimi sioni, na wewe hutaona. Anapita nyumba yote akivunja balbu, moja baada ya ingine. Kumbi za sinema za hiyo time zilizima taa zao pole pole pamoja naye, hadi watu wakakaa kwa giza lenye sheria inaruhusu. Kuna taa moja anasahau. Sikuambii ni gani. Jua tu nilipiga nduru, na nyumba ya jirani wakagonga ukuta.

Hiyo muvi ilimpea uteuzi wa tano wa Oscar, na baada yake akakaa miaka 8 bila muvi, analea vijana wake. Alirudi kwa muvi mara chache tu, ya mwisho ikiwa 1989. Bara letu alikuwa ameshalikanyaga: 1958 alikuwa Stanleyville, ile siku hizi ni Kisangani, wakirekodi The Nun's Story. Akarudi upande huu bila kamera za Hollywood, na UNICEF, Ethiopia 1988, na Somalia Septemba 1992, hapa tu jirani, wakati njaa ilikuwa inamaliza watoto. Mtu aliyekula vitunguu vya maua akiwa msichana hakuhitaji kuelezwa njaa ni nini. Alitoka Somalia akiwa na maumivu ya tumbo, ikapatikana ni kansa, na tarehe 20 Januari 1993 akaaga huko Uswisi, akiwa na miaka 63.

Sasa mbogi, form ni hii. Ijumaa hii anza na Charade, na uicheki na ule mtu bado hujaamua kama utamwamini. Wiki ijayo Roman Holiday. Wait Until Dark iweke ya mwisho, usiku, stima imezimwa, simu zikiwa kwa chumba kingine. Stima ikipotea yenyewe mtaa mzima na laptop iko na chaji, usilalamike, hiyo ndio saa yake.